Tunywe Wapi Lubumbashi?



Mfanyakazi mmoja wa Kolwezi, ambaye atafika kwetu kwa likizo ya siku kumi, ametuandikia barua fupi. Anauliza: “Nikifika Lubumbashi na mshahara wangu mfukoni, niende kunywa wapi? Nasikia Golf ndiko kwenye baa nzuri kuliko zote.” Wenzetu wengine waliisoma barua hiyo wakacheka. Walisema gazeti la chama halikuwekwa kwa kuonyesha watu njia ya masanga. Sisi hatukucheka. Mtu anayefanya kazi juma zima katika vumbi la mgodi ana haki ya kuketi mahali pazuri, kupumzika, na kunywa chupa yake bila kuulizwa neno. Tena tunaona kwamba swali lake si dogo hata kidogo. Wakubwa wakisema mji ni wa wenyeji wake, sisi twaenda kutazama nani ameketi wapi Jumamosi jioni.

Basi tumjibu ndugu yetu, na tuanzie huko huko Golf alikotaja.

Golf ni mtaa wa nyumba kubwa, kuta ndefu na miti mingi. Jina lake lilitoka kwa uwanja wa golf wa Wazungu, wakati mji huu ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, jina ambalo lilifutwa mwaka 1966. Ukifuata barabara ya Golf utafika penye ziwa na hoteli ya Karavia. Jioni, upepo unapotoka majini, hatukatai, ni mahali pazuri. Katika baa za mtaa huo utakuta viti laini, taa za rangi, mashine ya ubaridi, na muziki wa chini unaoacha watu wasikilizane. Choo ni safi. Anayekuletea chupa ameshika kitambaa cheupe. Hayo yote ni mema, na hatuoni kwa nini mchimbaji asiyapende.

Lakini bia ni ileile. Simba ya Golf na Simba ya Katuba zimetoka katika kiwanda kimoja, zimepakiwa katika lori moja, na chupa ikiisha inarudi kuoshwa pamoja na zile nyingine. Tembo, ile ya rangi ya kahawia, vilevile. Hakuna kiwanda cha bia ya matajiri. Unacholipa Golf, mara mbili ya bei ya siti na pengine zaidi, ni kiti, ni ukuta, na ni yule zamu aliyesimama mlangoni.

Tuseme kidogo juu ya zamu huyo. Jumamosi moja, baada ya mshahara, tulikwenda watu watatu kwenye baa mojawapo ya Golf. Tulikuwa tumeoga na kuvaa mashati safi. Mwenzetu mmoja alikuwa bado na botini za kazi, maana alitoka kazini moja kwa moja. Zamu alitutazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema meza zote zimekwisha kushikwa. Mlango ulikuwa wazi, na meza tupu tuliziona kwa macho yetu. Tulipokuwa tukisimama hapo, gari likafika, akashuka mgeni mmoja wa kampuni na botini nyekundu za udongo. Udongo ule tuliutambua. Ulikuwa wa mgodi uleule wa mwenzetu. Zamu akafungua mlango kwa mikono miwili.

Hatumchukii mgeni yule, hakufanya kosa lolote, na pengine hakutuona hata. Zamu naye hatumchukii, ni mtoto wa Ruashi, ana watoto, na amri ya mlango hakuitoa yeye. Tunauliza neno moja tu: amri hiyo ilitoka wapi?

Vijana wasiojua na wajue. Reli kutoka Rhodesia ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukajengwa vipande viwili. Kipande cha Wazungu upande huu, siti ya watu weusi upande ule, na katikati eneo tupu ambalo hapakujengwa kitu, ili pande mbili zisigusane. Kamalondo ndiyo siti ya zamani kuliko zote, kisha ikafuata Kenya, na katika miaka ya 1950 Katuba na Ruashi. Usiku mtu mweusi hakuweza kutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Boyi aliyepika chakula cha bwana mchana kutwa alifukuzwa barabarani ileile saa za usiku.

Na masanga nayo yaliwekewa sheria. Tangu mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalipatana kuzuia pombe kali isiuzwe kwa watu weusi wa Afrika ya katikati. Walisema ni kwa kutulinda. Bia ilikubaliwa, na katika miaka ya 1920 kiwanda kikajengwa hapa kwetu. Upande wa pili wa mpaka, katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Waingereza waliweka mabaa makubwa ya serikali ya mji, na faida ya pombe ikalipia kazi za siti. Nairobi walifanya vivyo hivyo kutoka mwanzo wa miaka ya 1920 (tunasema Nairobi ya nchi ya Kenya, si komini yetu). Yaani mtu mweusi alikunywa, na kwa kunywa kwake akalipia majengo ambayo kodi yake ilikwisha kuyalipia. Walijua kuhesabu, watu hao!

Lakini penye bia watu hukaa pamoja, na penye watu pamoja maneno hayafungiki. Wakubwa hawakulifikiri hilo vizuri. Patrice Lumumba, kabla ya kuwa waziri mkuu, alifanya kazi ya kuuza bia ya Polar kule Léopoldville, mwaka 1957 na 1958. Kazi yake ilikuwa kuzunguka katika mabaa, kuzungumza na watu, kuwapendeza wanywaji waache Primus na kushika Polar. Alijifunza huko namna ya kusema mbele ya umati wenye kelele. Oktoba 1958 chama chake kikazaliwa, na Juni 30, 1960 tukapata uhuru. Januari 17, 1961 aliuawa karibu na mji wetu huu. Mzee anayetuambia kwamba baa ni mahali pa wapumbavu tu, na akumbuke kazi aliyofanya mtu yule kabla ya kuitwa Bwana Waziri.

Sasa turudi kwa ndugu wa Kolwezi. Akitoka Golf akiwa ameona taa na ziwa, ashuke Kamalondo. Asiende siku ya kawaida. Aende siku Mazembe wanapocheza nyumbani, maana uwanja wao umo humo Kamalondo tangu mwaka 2011, na baa zote za jirani zinajaa tangu mchana. Ikiwa ni Mazembe na Lupopo, aangalie rangi ya shati lake kabla ya kuketi. Timu zote mbili zilianza mwaka 1939, na kila upande unajua ubaya wa mwenzake tangu hapo. Mwaka 2010, Mazembe walipofika fainali ya vilabu vya dunia yote, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, hapakuwa na zamu wa kuuliza mtu botini zake. Kamalondo tunaipenda kwa sababu hiyo. Mwalimu, dereva, fundi wa reli na mwizi wa simu wanakaa benchi moja wakibishana juu ya goli.

Kutoka hapo aende Kenya. Kenya ni komini ya kelele, hatumfichi. Spika moja inagombana na spika ya jirani, na mtu wa katikati hasikii hata moja. Lakini ndipo walipotoka Jecoke, wale vijana wachekeshaji na waimbaji ambao baba zetu waliwafuata kutoka uwanja mpaka uwanja. Na gitaa la kwetu lilijulikana mbali: mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, na sahani zile zikasikika mpaka Nairobi. Leo wapigaji wa namna ile ni wachache. Ukimkuta mzee mmoja na gitaa lake kavu pembeni ya nganda, mnunulie chupa, usimwombe nyimbo za redio.

Kenya utakula michopo. Nyama ya mbuzi inakatwa mbele yako, inachomwa, inafungwa katika karatasi pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili. Chagua kipande mwenyewe, simama pale mpaka kiive, usikubali kuletewa kilichochomwa tangu asubuhi. Mwenye njaa zaidi aagize bukari na kapenta. Nganda nzuri unaijua kwa moto wake: kama moto uko mbele, mwenye nyumba hana cha kuficha.

Kuna jambo la Kenya na la Katuba ambalo halitupendezi, na tutalisema. Ziko baa ambamo meza hii ni ya kabila hili na meza ile ni ya kabila lile, na mtu akikosea meza anaulizwa baba yake alizaliwa wapi. Maneno hayo ni ya zamani. Yalipata nguvu baada ya uchaguzi wa komini wa Desemba 1957, wa kwanza katika mji wetu, watu walipohesabu nani wa Kasai na nani wa Katanga amechaguliwa. Mwaka 1992 na 1993 yakaishia kwa maelfu ya watu wa Kasai kufukuzwa Likasi na Kolwezi, na kulala katika stesheni na watoto wao wakingoja treni. Ndugu yetu wa Kolwezi anayajua kutushinda. Zamu wa Golf anatazama botini. Meza hizo zinatazama jina la babu. Sisi hatuoni tofauti, na katika baa ya namna hiyo hatuketi, hata kama bia yake ni baridi.

Katuba sasa. Hapa tutakaa zaidi kidogo.

Mwanaume akienda Katuba hutafuta bia. Sisi tungependa aanze na munkoyo. Watu wa ng'ambo hawaujui. Mama anapika uji wa unga wa mahindi, anauacha upoe kidogo, kisha anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo ndiyo inayogeuza uji mzito kuwa maji matamu, bila sukari. Ukinywa kesho yake ni kinywaji cha mtoto. Ukiacha siku chache unachacha, unakuwa na nguvu ndogo ya pombe. Kikombe kimoja kinashibisha, na bei yake mtu wa kibarua anaiweza. Na fedha ile haiendi mbali: ni daftari la shule, ni sabuni, ni unga wa kesho.

Tunasema hivi kwa sababu tuliona. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoshwa kazini kwa ule mpango walioupa jina la kuondoka kwa hiari, uliolipwa na Benki ya Dunia. Watu waliokuwa wamengojea mshahara miezi na miezi walipewa bahasha moja na kuambiwa kwaheri. Baba wengi walikaa nyumbani wakitazama ukuta. Nani aliwalisha watoto? Ni mama wenye ndoo za munkoyo, wenye meza ya kapenta, wenye kasha moja la Simba lililonunuliwa kwa fedha ya likelemba na kuuzwa chupa kwa chupa mbele ya mlango. Mabaa mengi ya Katuba ya leo yalianza na kasha lile moja. Mtu anayemwita mama huyo mwanamke wa baa, kwa mdomo uliopinda, pengine alisomeshwa kwa kasha la jirani yake.

Kwa hiyo ukikopa kwa mama, lipa. Tunaona daftari zao, zile zenye majina ya waume za watu na alama za chupa, ukurasa baada ya ukurasa. Mtu anakopa Katuba mwezi mzima, mwisho wa mwezi anapita njia nyingine, anapanda taxi kwenda Golf kulipa fedha taslimu. Aibu gani hii!

Juu ya lutuku tutasema maneno machache. Tunajua watu wanaikunywa kwa sababu ni rahisi na inafika haraka. Mahindi na muhogo vinachachishwa, vinachemshwa katika pipa, na mvuke unapita katika bomba lililowekwa majini. Maji ya kwanza yanayotoka ni sumu. Mpishi mzuri huyamwaga, mpishi mwenye haraka huyauza, na mnywaji hawezi kujua kwa macho. Usiinywe. Ukiwa huna fedha ya bia, munkoyo upo.

Tumefika mahali ambapo tulitaka kufika tangu mwanzo. Kwa nini wafanyakazi wetu wanakwenda Golf, mtu wa mshahara mdogo, wakati michopo na bia baridi viko mlangoni pake? Sisi ni makarani. Karatasi za mishahara na za avansi zinapita mikononi mwetu, na mikataba ya miezi mitatu mitatu ya yale makampuni yanayokodisha watu kwa migodi. Tunajua nani anaomba avansi, na anaiomba siku gani. Wengi hawaendi Golf kwa kupenda viti laini. Wanaenda kwa sababu kapita anakunywa huko. Mkataba unakaribia kwisha, orodha mpya itaandikwa, na kijana anasikia kwamba jina lake litaandikwa vizuri zaidi kama meza ya kapita haikauki. Basi anaomba avansi, anapanda taxi, zamu anamruhusu kwa kuwa ameitwa na mkubwa, na anaagiza chupa sita ambazo hatazinywa. Yeye mwenyewe anashika moja, anaicheza mkononi mpaka inapata joto, anacheka mzaha wa kapita hata pasipochekesha.

Tulimwona mmoja. Mkataba wake haukurudishwa hata hivyo. Avansi ilikatwa katika mshahara wake wa mwisho, na mke wake alikuja biro kutuuliza kama hesabu ni sawa. Hesabu ilikuwa sawa. Tulimwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, na hatukuwa na neno la kumwambia.

Ndugu wafanyakazi, kodi ya kichwa tuliikataa, karatasi ya kutembea usiku tuliikataa. Hii nayo ni kodi, na inalipwa kwa chupa. Kapita anayekula mshahara wa watu wake kwa njia ya bia hana tofauti na msimamizi wa zamani aliyepokea kuku ili asikuandike mvivu. Na sisi makarani tusijitoe: tunazijua orodha, tunaona majina yanavyoingia na kutoka, na mara nyingi tumekaa kimya kwa kuogopa orodha yetu wenyewe. Kuanzia sasa, mtu aliyedaiwa bia kwa ajili ya mkataba na aje katika tawi la chama la komini yake, aseme siku, mahali na idadi ya chupa. Jina lake halitachapishwa. Tutaandika kila kitu, na tutapeleka daftari hilo kwa wajumbe wa sendika na kwa mkaguzi wa kazi, wote wawili siku moja, ili mmoja asiseme hakuliona.

Wako watakaosema: basi Golf tuiache, tubaki siti na michopo yetu. Hapana. Kubaki siti ndiko walikotaka wale waliopima lile eneo tupu katikati ya mji. Ziwa lile ni la mji, na barabara ile ilitengenezwa kwa fedha ya shaba. Mtu aende Golf kwa miguu yake na kwa fedha yake, siku anayotaka mwenyewe, aketi na mke wake, anywe moja au mbili, atazame maji, arudi.

Ndugu wa Kolwezi, ukifika utukute katika tawi la Kamalondo, Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, mchana. Tutakula kwanza Kenya, maana Golf chakula ni kidogo na sahani ni kubwa. Kisha tutakwenda watu wanne kwenye mlango uleule tuliofukuzwa, na yule mwenzetu atavaa botini zake za kazi. Tutaagiza chupa nne za Simba, kila mtu atalipa yake, na tutaomba risiti. Zamu akisema meza zimeshikwa, tutahesabu zilizo tupu kwa sauti na kuziandika. Idadi yake, na jibu la mwenye baa, mtavisoma hapa katika toleo lijalo.